Mkutano Mkuu Usio na Ukuu

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, itumikayo Tanzania Bara, ina jambo moja ambalo nchi nyingi zenye majina makubwa ya kidemokrasia hazina. Inasema kwamba katika kila kijiji kilichosajiliwa kutakuwa na Mkutano Mkuu, na kwamba mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Si mwakilishi wake, wala si mtu aliyemteulia chama, bali ni yeye mwenyewe kwa miguu yake na kwa ulimi wake. Mkutano huo ndio wenye kauli ya mwisho katika sera zote za kijiji. Ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa.

Bunge la Dodoma halina sifa hiyo, kwani mwananchi huko husemewa. Baraza la Madiwani nalo halina. Visiwani hali ni nyengine kabisa: sheha hachaguliwi na watu wa shehia yake, bali huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na mtu wa Makunduchi au wa Micheweni akitaka kumwondoa sheha hana kura ya kumwondolea. Kwa hiyo, anapotazamwa kutoka ng'ambo ya bahari, mkulima wa alizeti wa Ikungi, mlima vitunguu wa Mkalama na mrina asali wa Itigi huonekana kama watu waliobahatika. Wamepewa na sheria kiti ambacho wenzao wa Unguja na Pemba hawajakikalia.

Hata hivyo, kiti hicho ki kitupu. Ukiuliza kwa nini, jawabu la wakubwa huja upesi, tena kwa sauti ya masikitiko: wananchi hawahudhurii mikutano; wananchi hawana mwamko; wananchi wanahitaji semina. Jawabu hilo limerudiwa mara nyingi hata limekuwa kama aya ya kufungulia kila hotuba. Nalo si kweli. Mtu wa kijijini huhudhuria mazishi, arusi, minada ya mifugo na vikao vya ukoo, na hukaa humo kutwa nzima bila posho wala maji ya chupa. Anajua kukaa kikaoni. Asichokubali ni kukaa katika kikao kilichokwisha kuamuliwa kabla yeye hajafika. Anayeacha kwenda kwenye soko lisilouza kitu haitwi mvivu, huitwa mwenye akili.

Shabaha ya makala haya ni kulitoa lawama hilo lilikotupwa na kulirudisha kwa mwenyewe.

*

Mkoa wa Singida umekaa katikati ya nchi, kwenye uwanda mkavu wenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Sensa ya 2002 ilihesabu humo watu takriban milioni 1.1, ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2. Ni Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo wa Manyoni, Wataturu, Wahadzabe wa Mkalama, na wengine waliohamia. Walio wengi huishi kwa uwele, mtama, mahindi, alizeti, vitunguu, mifugo na asali.

Hawa si watu waliofundishwa na mgeni namna ya kujitawala. Wanyaturu, kwa mfano, hawakuwa na mtemi mmoja juu ya nchi yao kabla ya kuja Wajerumani. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo na wa vijiji, kwa maneno marefu na kwa kusikilizana. Mtawala mwenye matarishi na daftari la kodi aliwafikia kwa nguvu ya dola, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, ambao kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 walimfanya mtemi kuwa mkono wa Gavana. Mtawala huyo aliitwa wa wenyeji, ilhali hesabu yake aliipeleka kwa Mkuu wa Wilaya. Yafaa mpango huo ukumbukwe, kwa kuwa umbo lake limebadilika mara nyingi lakini mwelekeo wake haujabadilika.

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, utemi ulifutwa kisheria. Halmashauri za kuchaguliwa zikashika nafasi yake, na hazikudumu. Mwaka 1972, kwa ushauri uliotolewa na kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya na kuweka mahali pake wakurugenzi na kamati zilizotii Serikali Kuu. Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, nalo lilisema kweli kwa kadiri yake: madaraka yalifika mikoani, yakaishia mikononi mwa watumishi waliotumwa huko. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa nchi nzima, wengine kwa kubomolewa nyumba zao. Sheria ya 1975 ikavipa vijiji hivyo cheti, halmashauri na mhuri. Basi kijiji kilichoitwa cha kujitawala kilizaliwa kwa amri ya kuhamishwa.

Miji nayo ilionja. Baada ya halmashauri zake kuvunjwa, mitaro iliziba, taka zikalundikana, na kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970 Serikali ililazimika kuzirudisha halmashauri za miji mwaka 1978. Za wilaya zilirudi kwa sheria za 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly, Mwalimu aliyataja mambo mawili ambayo asingeyarudia lau angeanza upya: kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Aliyeamuru ndiye aliyekiri. Waliorithi ofisi zake wameyahifadhi mengi ya Mwalimu, lakini ungamo hilo hawalitaji katika sherehe.

*

Katiba yenyewe imebeba mgongano ambao mtu yeyote aliyewahi kupima maneno hawezi kuupita. Ibara ya 8 inasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 146 inasema kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mtu hapelekewi kitu alichonacho. Kama chemchemi iko kijijini, vipi maji yapelekwe kijijini kutoka Dodoma? Ama ibara ya 8 ni pambo, ama ibara ya 146 imeandikwa na mtu aliyesahau ibara ya 8.

Upotofu huo haukubaki katika Katiba. Baada ya waraka wa sera wa 1998 ulioanzisha mageuzi ya serikali za mitaa, karatasi za serikali zilijaa neno ugatuaji, ambalo Wakenya hulitamka ugatuzi. Mageuzi hayo yalikwenda kwa awamu mbili hadi katikati ya miaka ya 2010, kwa fedha nyingi za wafadhili. Yalileta mafunzo, magari, kompyuta na mfumo mzuri zaidi wa hesabu, na si haki kuyabeza hayo. Lakini neno ugatuaji lilidhani daima kwamba yuko mmoja juu anayegatua na mwengine chini anayegatuliwa. Na anayegatua akichoka, huacha. Ndivyo ilivyokuwa: fedha za wafadhili zilipokwisha, mageuzi yalikwisha nazo, kwa sababu hayakuwa na mwenyewe kijijini.

Hata jina la wizara husika ni fundisho. Imewahi kuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu na imewahi kuwa chini ya Ofisi ya Rais, lakini jina halikubadilika: Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Tawala zimetangulia, serikali zimefuata. Na katika kazi ya kila siku ndivyo mambo yanavyokwenda.

*

Hakuna neno linaloonesha ugonjwa huu kama neno mchango. Kuchanga ni tendo la hiari. Watu huchangia arusi, huchangia sanda, humchangia jirani aliyeunguliwa nyumba. Mchango hutoka katika moyo, na kodi hutoka katika sheria. Vijijini Singida, kwa muda mrefu, kumekuwa na kitu cha tatu ambacho hakitoki katika moyo wala katika sheria: mchango unaotajwa kiwango, unaopangiwa tarehe, na unaomletea mgambo mlangoni asiyeutoa. Mwanaanthropolojia Mmarekani Kristin Phillips, aliyeishi na kufanya utafiti vijijini Singida katika miaka ya 2000, ameandika kitabu, An Ethnography of Hunger, kilichotoka mwaka 2018, kuhusu njaa na siasa katika mkoa huo. Katika maandishi yake amelionesha jambo ambalo wenyeji wanalijua bila ya kitabu: neno kushiriki, lilipofika kijijini, lilikuwa na maana ya kubeba mawe, kusomba maji na kutoa fedha kwa ajili ya majengo ambayo wengine wameyaamua.

Shule za sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zilijengwa hivyo. Hakuna mwenye akili anayesema shule ni mbaya. Watoto wa wakulima waliosoma humo ni wengi, na baadhi yao leo ni walimu na waganga. Lakini swali la nani aliamua lilirukwa. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, agizo liliteremka kutoka kwa mkuu wa mkoa hadi kwa mkuu wa wilaya, kwa mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, na hatimaye likafika katika kaya isiyojua chakula cha mwezi ujao kitatoka wapi. Mkutano Mkuu uliitishwa mara nyingi ili utangaziwe kiwango. Kisha kwenye daftari ikaandikwa kwamba wananchi wameridhia.

Likaja agizo la pili, lenye sura ya huruma. Waraka wa mwishoni mwa 2015 ulitangaza elimu ya msingi na sekondari bila ada kuanzia Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tazama kilichotokea kwa jicho la sheria. Mchango ulipowekwa, kijiji hakikuulizwa. Mchango ulipofutwa, kijiji hakikuulizwa. Wako wazee waliokwisha kukubaliana kwa ridhaa yao kumlipa mlinzi wa shule au kununua unga wa uji wa watoto, na wakabaki hawajui kama wanachokifanya ni wema au ni kosa. Agizo jema na agizo baya yalipita njia moja, na njia hiyo haipiti kwenye Mkutano Mkuu.

*

Serikali isiyo na mfuko ni kikao cha malalamiko tu. Hadi 2003 kulikuwa na kodi ya maendeleo, ambayo watu waliiita kodi ya kichwa na ambayo kwa ajili yake wanaume walilala maporini wakimkimbia mgambo. Ilifutwa mwaka huo pamoja na ushuru mwingine mdogo mdogo wenye kero, na hakuna wa kuililia. Serikali iliahidi kuzifidia halmashauri kwa ruzuku kutoka Hazina, na ukatolewa mwongozo kwamba asilimia 20 ya fidia hiyo iteremke hadi vijijini, kwa kuwa vijiji navyo vilipoteza. Tangu hapo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameandika katika ripoti zake, mwaka baada ya mwaka, kuhusu halmashauri ambazo hazikuzifikisha fedha hizo. Fedha hutoka Dodoma, hufika makao makuu ya wilaya, na hapo husahau njia ya kwenda kijijini. Laiti mwananchi angesahau hivyo kulipa mchango, asingelala nyumbani kwake.

Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mkulima wa alizeti hiyo ni nafuu. Kwa halmashauri inayotegemea magunia ya alizeti na vitunguu ni pigo, na pigo hilo halikufidiwa kwa chanzo kingine cha kudumu. Mijini, kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo nguzo ya hazina ya mji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 imekuwa ikikatwa kwa wengi kupitia ununuzi wa umeme. Mpangaji wa chumba kimoja mjini Singida hununua umeme, hukatwa kodi ya nyumba isiyokuwa yake, na mtaro ulio mbele ya mlango wake hauzibuliwi, kwa kuwa aliyeikata kodi hiyo si mwenye kazi ya kuzibua mtaro. Matokeo ni kwamba sehemu kubwa mno ya bajeti za halmashauri hutoka Hazina, na anayekulisha ndiye anayekuamuru. Hilo halihitaji mtaalamu wa fedha, kwani wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Watumishi nao hufuata fedha. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa Halmashauri ya Kijiji, lakini mwajiri wake ni halmashauri ya wilaya. Mkurugenzi wa halmashauri ndiye katibu wa Baraza la Madiwani, lakini humteua Rais. Mwenyekiti wa kijiji, pekee kati ya hao aliyechaguliwa na wanakijiji, hana mshahara. Juu yao wote yuko mkuu wa wilaya, ambaye kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 anaweza kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Katika mpango huo, mwenye mshahara hawajibiki kwa kijiji, na anayewajibika kwa kijiji hana mshahara. Kisha watu hushangaa kwamba mwenyekiti anauza mhuri kwa kila barua ya utambulisho.

*

Penye ardhi ndipo udhaifu huu huumiza zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini, na imeupa Mkutano Mkuu haki ya kukubali au kukataa. Lakini soma masharti ya kuihaulisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaoamua. Ikizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, baada ya kuyatafakari mapendekezo ya kijiji. Maana yake ni kwamba kadiri kinachochukuliwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo sauti ya mwenyewe inavyokuwa ndogo. Sheria inayomwamini mwanakijiji katika shamba na kutomwamini katika nchi yake imekwisha kumwambia inamwonaje.

Kwa Singida hilo si nadharia. Dhahabu ilichimbwa Sekenke, Iramba, tangu enzi za Wajerumani, na mgodi mpya wa Shanta wilayani Ikungi ulianza kuzalisha mwaka 2023. Uranium imetafutwa Manyoni, na upepo wa Singida umepangiwa mitambo ya umeme. Kila kimoja kati ya hivyo kinataka ardhi, na ardhi ina watu. Hoja si kwamba uchimbaji uzuiwe. Hoja ni kwamba mwekezaji akute kijijini serikali ya kuzungumza naye, yenye mwanasheria wa kuiandikia mkataba na daftari linalosomeka. Asikute uwanja wenye mwembe na watu walioitwa asubuhi ile.

Mji unapotanuka, hasara hugeuka sura. Kijiji kilichosajiliwa ni mtu mbele ya sheria: huweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini si mtu. Una mwenyekiti, una kamati, una mkutano wa wakazi, lakini hauna mfuko wala mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo kijiji kinapomezwa na mji, wenyeji huamka asubuhi wakiwa wamepandishwa hadhi kuwa watu wa mjini, na wakati huohuo wameshushwa kutoka wenye serikali na kuwa wenye anwani. Jirani zao wa Dodoma walikaa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu tangu 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017, wakigawiwa na kunyang'anywa viwanja na chombo wasichokipigia kura. Jiji la Dar es Salaam nalo liliondolewa halmashauri yake iliyochaguliwa na kupewa tume mwaka 1996, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena kwa tamko la Rais. Mji mkubwa kuliko yote nchini uliamkia umbo jipya, na wakazi wake wakalisoma gazetini.

*

Hatimaye kuna kura, ambayo ingeweza kuponya mengi kati ya hayo. Desemba 2014, takriban kijiji kimoja kati ya vitano nchini kilichagua mwenyekiti kutoka upinzani. Vyama vyote vilijifunza kitu: chama tawala kilijifunza kuogopa, na upinzani ulijifunza kusoma mapato na matumizi. Novemba 2019, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwa sababu za kujaza fomu, vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Novemba 2024 kilichukua zaidi ya asilimia 98. Safari hiyo CHADEMA ilitangaza kwamba wanachama wake watatu waliuawa katika matukio yaliyohusiana na uchaguzi huo, mmoja wao mkoani Singida. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2024, iliitaja kazi ya kusimamia chaguzi za vijiji, mitaa na vitongoji kwa utaratibu utakaowekwa na Bunge. Hata hivyo aliyesimamia ni wizara ileile yenye tawala na serikali katika jina moja.

Asilimia 98 si ushindi wa kuonea fahari. Katika kaya moja yenye watu wanne huwezi kupata asilimia 98 juu ya mboga ya kupika jioni. Na chama chenyewe kinapoteza: mwenyekiti asiyeogopa kura hana sababu ya kuitisha mkutano, na mkutano usioitishwa hauwezi kukiambia chama kwamba kisima kimekauka.

*

Wapinzani wa hoja hii wana maneno matatu. La kwanza ni wizi: fedha zikishuka kijijini zitaliwa. Zitaliwa, baadhi yake. Viongozi wa vijiji si malaika. Lakini anayekula fedha za kijiji hukutana na wenye fedha kila siku, kisimani, msikitini, kanisani na kilabuni. Wenyeviti wengi wamewahi kung'olewa na Mkutano Mkuu kwa kukataa kusoma mapato na matumizi. Anayezila juu, wanakijiji hawamjui hata kwa sura. Mwizi wa karibu hukamatika, na hiyo ndiyo tofauti.

La pili ni elimu: mwanakijiji hajui sheria. Basi na aandikiwe sheria kwa lugha anayoijua. Kwa miaka mingi sheria za nchi hii zilitungwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ambapo Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria. Kumnyima mtu kitabu kisha kumcheka kwamba hajui kusoma ni ufidhuli.

La tatu ni umoja wa taifa: kila kijiji kikijiamulia, nchi itameguka. Kenya iliunda kaunti 47 kwa Katiba ya 2010 na kuzitengea si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti hizo si pepo; magavana kadhaa wamefikishwa mahakamani kwa rushwa. Lakini wamefikishwa, na Kenya haikumeguka. Kinachomega nchi ni watu kuona kwamba hakuna mahali popote ambapo neno lao linahesabiwa.

Mageuzi yanayohitajika si siri, wala hayahitaji mshauri kutoka ng'ambo kama ilivyokuwa 1972. Uchaguzi wa vijiji na mitaa uondolewe wizarani na ukabidhiwe Tume. Mkurugenzi aajiriwe na baraza, na baraza liweze kumfukuza. Fungu la halmashauri na fungu la kijiji yaandikwe katika Katiba kwa asilimia, yafike moja kwa moja katika akaunti ya kijiji, na yabandikwe ukutani kwa tarakimu zinazosomeka. Mtaa wa mjini upewe utu wa kisheria kama kijiji. Mwenyekiti alipwe, ili aweze kushtakiwa akiuza mhuri. Kikomo cha hekta 250 kifutwe, na Mkutano Mkuu uwe na kauli juu ya ardhi yote ya kijiji. Na mchango wowote ambao Mkutano Mkuu haukuupitisha kwa kura zilizohesabiwa uhesabike kuwa unyang'anyi, hata kama umeagizwa na mkubwa kiasi gani na kwa nia njema kiasi gani.

Visiwani nako hoja hii ina lake. Wapo wanaodai kwa haki kwamba sheha achaguliwe na watu. Waitazame Singida kabla ya kushangilia. Kura bila mfuko, bila mtumishi anayekutii na bila ardhi unayoiamulia humpa mtu kiongozi wa kumlaumu, haimpi serikali. Anayedai uchaguzi wa sheha na adai pamoja nao vitu hivyo vitatu, siku hiyohiyo, katika waraka huohuo.

Ama wale wanaolalamika kwamba wanakijiji hawahudhurii mikutano, dawa ni rahisi na haina gharama ya semina. Waupelekee Mkutano Mkuu jambo moja la kweli, ambalo bado halijaamuliwa, na ambalo uamuzi wake utafuatwa hata ukimchukiza mkuu wa wilaya. Kisha watafute uwanja mkubwa zaidi.